Tofauti ni Nyumba

Tunakiita Shahidi, kwa kuwa kauli yake haigeuki.
Ni feni tu ndani ya kizimba cha chuma,
kimo cha ndoo ya lita ishirini,
na cheti chake ndani ya plastiki:
nguvu ya sauti, desibeli tisini na moja nukta tatu.
Kazi yangu, Eneo la Viwanda, ghorofa ya chini,
ni kumuuliza kila mwaka: bado ni wewe?

Chumba cha kwanza kimevikwa kabari za sponji
ukutani na darini; sakafu pekee ndiyo ngumu.
Neno likikutoka humo, halirudi.
Siku yangu ya kwanza nilipiga hodi kwa mzaha
na mzaha ukanifia kinywani.
Nikasikia damu ikinipita masikioni
kama maji ya kanjo yanaporudi bombani saa nane za usiku.
Maikrofoni kumi zimemfunika Shahidi mfano wa bakuli.
Ananguruma. Naandika: tisini na moja nukta mbili.

Chumba cha pili ni zege tupu,
hakuna kuta mbili zinazotazamana sawasawa.
Humo hodi moja ni hodi hamsini.
Piga kofi, uhesabu sekunde sita kabla halijafa.
"Usikiogope," Bwana Lusweti alinifundisha,
"chumba hakimwongezei nguvu, kinamrudia maneno tu.
Jua kinamrudia kiasi gani, kisha uondoe."
Nikaondoa. Tisini na moja nukta tano.

Halafu ikaja barua ya Kariobangi.
Majirani: kinu cha Mama Syokau kinatikisa sahani kabatini.
Mama Syokau: kinu ni kilekile cha miaka kumi na minne,
watu ndio waliojenga wakakifuata.
Nilikuja kuona kwamba hakuna aliyedanganya.

Tulimbeba Shahidi usiku, ndani ya blanketi, kama mgonjwa,
maana mchana Kariobangi haikupi nafasi:
nyundo za masufuria, grenda,
kipaza sauti cha dawa ya panya, mende, kunguni.
Saa saba, mkesha ulikuwa bado unakemea mapepo.
Saa nane, mbwa.
Saa tisa kasorobo jiji likashusha pumzi
na Lusweti akainua kidole. Washa.

Mabati yakamdaka, yakamtupia jengo jipya,
ghorofa sita za mawe, nalo likamrudisha.
Unga wa jana ukadondoka kutoka kwenye boriti
mabegani mwa Mama Syokau, aliyekuja na leso na chupa ya chai
na swali moja: "Hicho ndicho kinachojua ukweli?"

Nikamjibu kinajua wa kwake tu.
Tunajua anavyosema. Tumesikia anavyosikika hapa.
Tofauti ni nyumba yako.

Desibeli saba. Saba za mabati na mawe.

Akanyamaza, akajifuta unga kwa kiganja.
"Ndiyo maana," akasema,
"marehemu mume wangu nilimwona mkali humu ndani.
Kule Kangundo alikuwa mtu wa polepole."
Lusweti akajifanya anakagua nyaya.

Leo Jumatatu, naandika ripoti.
Sauti nyembamba zinapatana vizuri.
Chini kabisa, kwenye hezi sitini na tatu,
vyumba vinakana kujuana:
wimbi lina mita tano na ushei,
chumba kidogo hakina pa kulilaza.
Cheti kinadai namba moja. Naiandika,
kisha kile kijumlisha chenye mstari chini ya miguu,
ongeza au punguza, tatu,
alama ninayoipenda kuliko tarakimu zote.

Mama amenipigia simu mara mbili.
Nitampigia. Si hapa. Ngazini napo panarudia.
Nitashuka hadi kwenye nyasi, nyuma ya maegesho,
pasipo na ukuta wa kuongeza neno,
nimwambie kwamba siku ile sikuwa nafoka.
Tulikuwa jikoni, Mama.
Vigae kila upande.